Kitanda na Chai ya Asubuhi Katika Boma la Mjerumani

Na Mwandishi Wetu

Mtu wa Kusini haulizwi atalala wapi. Huulizwa atafikia kwa nani. Mfanyakazi wa Dar es Salaam apatapo likizo yake ya mwaka, akafunga mizigo na kupanda basi pamoja na mkewe na watoto kwenda Masasi au Newala, suala la kitanda halimo kabisa katika hesabu zake. Huko kuna mjomba, kuna shangazi, kuna shemeji aliyejenga karibu na stendi. Watoto watalala mkekani, baba atapewa kitanda cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba atalala anakokujua mwenyewe. Malipo ni sukari, sabuni na jozi ya khanga. Kulala katika nyumba ya kulipia, yaani gesti, ni jambo ambalo mtu mwenye familia hulisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kuchafuka, na anayeonekana akitoka humo asubuhi hana budi kujieleza.

Kwa hiyo habari hii huenda ikawa ngeni kidogo kwa baadhi ya wasomaji wetu. Ni habari ya mtu mwenye ndugu wa kutosha kulipa fedha ili alale katika nyumba ya watu, kwa sababu tu nyumba hiyo ni ya kale. Nyumba yenyewe ni Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na mwandishi wa habari hizi alikwenda kulala humo akitokea Chiungutwa, wilayani Masasi, ambako mjomba wake hajaelewa mpaka leo sababu ya safari ile.

Katika miji midogo ya Uskoti jambo hili ni la kawaida kama chai. Mji wenyewe aghalabu una barabara moja kuu, kanisa la mawe, duka la nyama na duka la mikate. Mtu mwenye nyumba ya zamani yenye vyumba vya ziada hutundika kibao mlangoni kuwatangazia wapita njia kwamba hapo panapatikana kitanda na chai ya asubuhi. Mgeni hupelekwa chumba cha juu, ngazi za mbao zikilia chini ya miguu yake. Kukicha hukaa mezani pamoja na wageni asiowajua, na mama mwenye nyumba mwenyewe huwapakulia uji wa oti, mayai na soseji. Uji huo Waskoti wa kizazi cha zamani huutia chumvi badala ya sukari, jambo ambalo mtoto wa Kitanzania angelihesabu kuwa ni adhabu. Nyumba hizo zina umri wa miaka mia, mia mbili, pengine zaidi. Nyingi zimo katika orodha ya Serikali ya majengo yanayolindwa, na mwenyewe haruhusiwi hata kubadili dirisha kabla ya kupata kibali. Fedha ya vyumba ndiyo inayonunua vigae vya paa. Mgeni analala, paa halivuji, na hadithi za nyumba hiyo huliwa pamoja na ule uji wa chumvi.

Ipo nyumba moja ya Uskoti inayotuhusu zaidi sisi watu wa Kusini, ingawa yenyewe hailaliwi na wageni. Iko katika mji wa Blantyre, karibu na Glasgow. Wafanyabiashara wa Masasi wanaokwenda Malawi wanalijua jina hilo vizuri, maana mji mkubwa wa biashara wa nchi hiyo ulipewa jina kutokana na mji huo mdogo. Ndani ya nyumba hiyo alizaliwa David Livingstone, tarehe 19 Machi 1813. Mtu anaweza kudhani kwamba ni nyumba ya fahari, kwa jinsi jina lake lilivyovuma. La hasha! Lilikuwa jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba, lenye familia 24, kila familia na chumba chake kimoja. Katika chumba kimoja cha namna hiyo waliishi baba, mama na watoto. Livingstone alianza kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka 10, akiingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Jengo hilo lilikuwa karibu ya kuwa gofu kabla wananchi hawajachanga fedha za kulinunua na kulitengeneza, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929. Lilifanyiwa ukarabati mwingine mkubwa, likafunguliwa upya mwaka 2021. Msomaji anayelala na wanawe katika chumba kimoja cha kupanga pale Manzese au Tandika ataona kwamba hata chumba kimoja cha mfanyakazi kinaweza kuhesabiwa kuwa ni mali ya historia.

MGENI WA REALE NNE

Livingstone huyo aliwasili katika ghuba ya Mikindani tarehe 24 Machi 1866, akianza safari yake ya mwisho barani Afrika, ile ambayo hakurudi. Alikuja na msafara ambao watu wa Mikindani hawakuwa wamepata kuuona mfano wake: ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa pamoja na ndama wao, nyumbu wawili na punda wanne, pamoja na askari wa Kihindi, watu wa visiwa vya Ngazija, na vijana wa Kiafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani na kusomeshwa huko Bara Hindi. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kustahimili ndorobo kuliko ng'ombe. Hawakustahimili, lakini chanzo kikubwa cha vifo vyao kilikuwa kutendwa vibaya na wale waliopewa kazi ya kuwatunza.

Jambo la maana kwetu leo ni hili. Alipofika, Livingstone alipanga nyumba kwa reale 4 kwa mwezi, akaweka humo shehena yake. Basi katika wageni waliopata kulipia kitanda Mikindani, huyu ndiye ambaye kodi yake imeandikwa na kubaki. Mjini kuna nyumba ya zamani yenye kibao kinachosema kwamba Livingstone inasemekana alikaa humo mwaka 1866. Wageni hupiga picha mbele yake. Neno "inasemekana" ndilo linalobeba mzigo wote, na afadhali lisiondolewe.

Kutoka Mikindani msafara ulielekea mto Ruvuma, ukapita katika nchi ya Wamakonde. Kichaka kilikuwa kinene, na ngamia ni mnyama mrefu mwenye mizigo inayotokeza ubavuni. Ikabidi waajiriwe vijana wa Kimakonde wenye mashoka na mundu, wakakata miti na mianzi na kufungua njia mbele ya msafara. Vitabu vinavyomsifu Livingstone huwapitia vijana hao kwa sentensi moja au mbili. Laiti wangewekewa kibao, kisingehitaji neno "inasemekana".

Katika msafara ule alikuwamo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma, ambaye alikuwa amekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na mwenzake Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake mpaka pwani, Bagamoyo. Chuma huyo huyo baadaye alikuwa kiongozi wa wapagazi wa misheni ya U.M.C.A. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani kule Unguja, wakiwa na nia ya kufika Ziwa Nyasa, na Chuma ndiye aliyeongoza njia. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa ya mawe, watu wakaona nchi ni njema, wakakata shauri kukaa. Kijiji kikaanza hapo. Misalaba ya Kianglikana unayoiona leo katika vijiji vya Masasi na Newala asili yake ni usiku ule ambao watu waliochoka walikataa kuendelea na safari.

NJIANI

Kutoka Chiungutwa mtu huenda kwanza Masasi mjini, kisha hushika barabara ya lami inayoteremka kuelekea pwani kupitia Ndanda, Nyangao, Mtama na Mnazi Mmoja. Kwa anayetafuta habari za wageni, Ndanda inastahili dakika zake. Wamisionari wa Kibenediktini walihamia hapo mwaka 1906, baada ya misheni zao za Nyangao na Lukuledi kuchomwa katika Vita vya Maji Maji. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa miaka zaidi ya elfu moja na mia nne iliyopita, inawaagiza watawa kumpokea kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe amebisha hodi. Hiyo ni desturi ya namna nyingine kabisa, isiyo ya ndugu wala ya biashara. Baada ya Ndanda basi hupita karibu na Mahiwa, mahali palipopiganwa vita vikali kati ya Waingereza na Wajerumani mwezi wa Oktoba 1917. Abiria wengi hupita hapo wamelala.

Mikindani iko kilomita kama kumi kabla ya kufika Mtwara mjini. Basi linapozunguka kona, ghuba hutokea ghafula, maji yametulia kama ya bwawa, na minazi imeinamia ufuko. Mji umejibana kati ya maji na vilima. Nyumba zake za zamani ni za mawe ya matumbawe, nyingine za ghorofa, zenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi. Baadhi ya nyumba hizo zinakaliwa. Nyingine zimebaki kuta tupu, na ndani ya sebule yake mpapai umeota ukapita mahali palipokuwa dari.

Na juu ya hayo yote, mlimani, limekaa boma. Ni jeupe, lina mnara, na ukiwa barazani mwake unaona kila chombo kinachoingia ghubani. Aliyelijenga hakuhitaji kueleza kwa nini alichagua mahali pale.

Nilifika jua likikaribia kuzama. Mlango ni wa mbao nene iliyochongwa, mlango wa watu wa pwani katika ngome ya Mjerumani, kwa sababu hata mtawala aliyekuja na bunduki ilimlazimu kuajiri fundi seremala wa mahali. Ndani ni baridi. Unene wa kuta ni wa kushangaza kwa mtu aliyezoea matofali ya inchi sita. Ukikaa dirishani unaweza kuweka kikombe cha chai, kitabu na kiwiko chako katika kizingiti, na nafasi ikabaki. Chumba kilikuwa na dari ya juu, kitanda cha mbao, chandarua cheupe na taa yenye mwanga hafifu. Nilitia sahihi katika kitabu cha wageni kama itakiwavyo katika kila nyumba ya kulala nchini: jina, kazi, utokako, uendako. Katika safu ya utokako wageni walionitangulia walikuwa wameandika majina ya miji ya ng'ambo. Mimi niliandika Chiungutwa.

Usiku nyumba ya mawe haisemi kama nyumba ya bati. Bati hulia joto linapopungua, mawe hunyamaza. Nilisikia bahari kwa mbali, adhana ya alfajiri kutoka mjini, kisha jogoo, kisha wavuvi wakiitana. Nilijaribu kuwafikiria waliopata kulala humo kabla yangu, na wale waliopata kukesha.

Asubuhi chai ililetwa barazani, pamoja na mayai, mkate na embe lililokatwa. Kijana aliyeihudumia meza alikuwa mwenyeji wa hapo, naye alisema kwamba mama yake hajapata kupanda ngazi zile. Nilimwuliza kwa nini. Akacheka tu, akaenda kuleta maziwa.

"ULILIPA?"

Niliporudi Chiungutwa nilimkuta mjomba chini ya mkorosho, akitenga korosho zake. Kwetu mjomba ndiye mzee wa ukoo, hivyo taarifa ya safari haina budi kufika kwake kwanza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kwa hiyo ulitoa fedha yako mwenyewe ili ulale kwa Mjerumani?"

"Nilitoa, mjomba."

"Wazee wetu waliingia mle bila ya kutoa hata senti," akasema, huku mikono yake ikiendelea na kazi. "Wala hawakuusifu usingizi wake."

Maneno ya mjomba yana ushahidi katika historia. Kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuishika pwani hii mwaka 1888, wananchi wa Mikindani, sawa na wenzao wa miji mingine ya pwani, walisimama wakawafukuza mawakala wake. Wajerumani walirudi na manowari mwezi wa Mei 1890, wakaichukua Kilwa, kisha Lindi, kisha Mikindani. Miaka mitano baadaye likajengwa boma. Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya kibanda, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa mgongo wake, katika barabara na mashamba ya mkoloni. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliiteka Mikindani, na mwaka uliofuata vita vikapanda mpaka uwanda wa Makonde. Wanaume wakachukuliwa upagazi na pande zote mbili, chakula kikanyang'anywa ghalani, na njaa ikafuata. Boma likabadili bendera. Shughuli zake hazikubadilika sana.

Kilichoinyang'anya Mikindani cheo chake ni karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Ghuba ya Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari kwa ajili ya kina chake, reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara, na mji mpya ukachorwa kwa rula. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya paundi. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini Mtwara ilibaki, na Mikindani ikabaki nyuma na mawe yake. Pengine hiyo ndiyo bahati yake, maana mji uliosahauliwa hauvunjwi ili kujengwa maduka ya ghorofa.

Boma lenyewe lilizidi kuchakaa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika moja la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipokubaliana na Serikali kulikarabati. Madhumuni yalikuwa kulifanya hoteli ndogo, vijana wa Mikindani wafundishwe humo kazi za upishi, uhudumu na upokeaji wa wageni, na jengo lijilipie matengenezo yake. Ni wazo lile lile la mama wa Uskoti na vigae vyake vya paa, ila hapa mgeni halali katika nyumba ya babu wa mwenyeji wake. Analala katika nyumba ya aliyemtawala babu huyo.

CHOKAA SI SARUJI

Ukarabati wa nyumba ya namna hii si kazi ya kukimbilia duka la vifaa vya ujenzi. Ukuta wa zamani wa pwani umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Ukuta huo hupumua: maji ya mvua na unyevu wa ardhini huingia, jua likiwaka hutoka. Fundi asiyejua, au mwenye nyumba mwenye haraka, huupiga lipu ya saruji ili upendeze. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya, chokaa inalainika, na baada ya misimu michache lipu inabanduka na jiwe lake. Wengi wanadhani nyumba imeanguka kwa uzee, kumbe imeanguka kwa matengenezo.

Hapa pana tatizo ambalo wapenzi wa majengo ya kale hawapendi kulitaja. Chokaa ya pwani ya kusini imekuwa ikitoka katika matumbawe yaliyovunjwa baharini na kuchomwa katika tanuri za magogo. Tumbawe ni nyumba ya samaki, na kila tanuri moja humeza miti mingi. Katika ghuba ya Mikindani uvunjaji huo uliharibu sehemu kubwa ya miamba. Tangu mwaka 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, upande wa kusini wa Mtwara, na mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwake ni kuyaokoa matumbawe. Basi anayetaka kuiponya nyumba ya babu yake asiiue bahari ya mjukuu wake. Chokaa inaweza kupatikana kutokana na mawe ya nchi kavu, ingawa usafirishaji huongeza gharama.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka litangazwe rasmi na waziri anayehusika. Boma la 1895 liko upande usio salama wa mstari huo kwa miaka 32. Ndivyo zilivyo pia karibu nyumba zote za misheni za Masasi, Newala, Ndanda na Lukuledi, pamoja na maduka mengi ya kale ya Lindi na Mikindani. Jengo la mwaka 1862 lingelindwa hata kama halina maana kwa mtu yeyote. Nyumba ya 1880 walimoanza kusomea watoto wa waliokombolewa utumwani inahitaji mtu wa kuiandikia barua.

Hata kutangazwa peke yake hakutoshi. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, imo ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Ilitambuliwa, ikasifiwa, ikapigwa picha na mataifa yote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, ikaua watu. Ilikuwa imefungwa kwa miaka kadhaa ikingojea ukarabati. Nyumba isiyolaliwa haina mtu wa kusikia boriti inapolia usiku.

Kwa hiyo mimi, tofauti na mjomba wangu, naona ni heri boma lilaliwe. Wapo wanaosema kwamba mahali palipotumika kuwatesea wananchi hapafai kuwa mahali pa kunywea vinywaji baridi jioni. Hoja hiyo ni nzito, lakini haisemi jengo lifanywe nini badala yake. Tukiliacha lianguke, Mjerumani hatasikia uchungu wowote. Ni sisi tutakaobaki na hadithi isiyo na ukuta wa kuuonyesha kwa kidole. Ninalolitaka ni kwamba anayelala humo aambiwe amelala wapi. Kodi ya mwaka 1898 ielezwe pale pale penye kitabu cha wageni, kwa Kiswahili kwanza.

Liko pia suala la bei. Fedha ya chumba kimoja kwa usiku mmoja ingeweza kulipia gesti ya stendi kwa siku kadhaa. Karani mwenye mke na watoto wanne hatapiga hesabu hiyo mara mbili. Atafikia kwa shemeji. Hivyo nyumba iliyokarabatiwa kwa jina la wananchi inabaki kuwa ya wageni kutoka mbali, na mama wa yule kijana wa chai hapandi ngazi.

Hapo ndipo Waskoti wanapoweza kutufaa. Kitanda na chai ya asubuhi havihitaji ngome. Huko Mikindani, Lindi, Newala na Masasi ziko familia zenye nyumba za kale zenye chumba kimoja au viwili vilivyofungwa kwa kuwa watoto wamehamia mijini. Chumba kikipakwa chokaa, kikawekwa kitanda imara, shuka safi, chandarua kisicho na tundu, ndoo ya maji ya moto asubuhi na choo ambacho mtu haoni haya kumwonyesha mgeni, kinatosha. Chai iwe na mihogo ya kuchemsha au chapati. Mgeni hakusafiri kilomita mia tano kuja kula mkate wa dukani. Leseni ya biashara na kitabu cha wageni ni lazima. Fedha itakayopatikana itanunua chokaa kabla ya bati la jikoni, na hili wanandoa walikubaliane mapema.

Pingamizi kubwa litatoka katika ukoo. Nyumba nyingi za kale ni za urithi wa watu kumi na zaidi, mmoja Tanga, mwingine Muscat, mwingine hajulikani aliko, na hakuna awezaye kuweka hata msumari bila ya wengine kuuliza fedha za vyumba zinakwenda wapi. Kuta nyingi za Mikindani zimeangushwa na barua ambazo hazikujibiwa. Familia zilizofaulu katika miji mingine ya pwani ni zile zilizoandikiana makubaliano mafupi mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa: nani anakaa, nani anatengeneza, na sehemu gani ya mapato inabaki kwa ajili ya paa.

Anayetaka kujionea mwenyewe apande basi lolote la Masasi au Lindi liendalo Mtwara, na amwambie kondakta mapema kwamba anashuka Mikindani, kwa sababu abiria wengi wanakwenda mwisho wa safari na dereva hupenda kupita moja kwa moja. Apige simu kabla ya kuondoka, aulize chumba na bei ya mwenyeji, ambayo mara nyingi huwa tofauti na ya mgeni wa nje. Miezi ya Oktoba mpaka Desemba ni ya korosho, na vitanda vya mkoa mzima hushikwa na wanunuzi. Asiyekusudia kulala anaweza kupanda mlimani mchana, akaomba ruhusa ya kutazama, akakaa barazani kwa chai moja. Mjomba amesema kwamba korosho zikiuzwa vizuri mwaka huu, huenda akaja naye afanye hivyo. Lakini kulala, hapana.